Mama akishika kitabu, mwiko anashika nani?

Wanawake wengi waliachana na vitabu walipopata mtoto wa kwanza, na kila wakilalamika wanaambiwa watafute muda. Muda huo uko mikononi mwa nani?

Mwanamke mtu mzima akifungua kitabu ndani ya daladala ya Mbagala, abiria wa pembeni atakisia mambo mawili: ama ni mwanafunzi wa chuo, ama anasoma kitabu cha dini. Akichungulia akaona ni riwaya, ataulizwa kama ana mtihani. Ndivyo tulivyolelewa wengi wetu. Kitabu ni cha shule, shule ina mwisho wake, na mwanamke akishaolewa na kuzaa anahesabiwa kuwa amevuka hatua hiyo. Madaftari yanayopita mikononi mwake sasa ni ya watoto.

Lakini hamu ya kusoma haikatwi pamoja na kitovu cha mtoto. Kaa na akina mama wenye watoto wadogo, wawe walimu, wauguzi, makarani, wauza genge au mafundi cherehani, uwaulize kuhusu vitabu. Hawakosi cha kutaja: riwaya iliyoachwa katikati, kitabu cha kuazima ambacho mwenyewe ameshachoka kukidai, hadithi ya shuleni ambayo hadi leo wanayakumbuka majina ya wahusika wake.

Ushauri wanaopewa ni ule ule. Amka mapema zaidi. Chelewa kulala. Weka simu pembeni. Ni ushauri unaomfaa mtu anayemiliki saa zake, na mama wa watoto watatu hamiliki saa zake. Kwake yeye muda wa kusoma haupatikani kwa kuutafuta. Unapatikana pale kazi moja inapotoka mikononi mwake ikaingia mikononi mwa mtu mwingine.

Saa zinakokwenda

Mchukue mama wa Dar es Salaam anayeishi Mbagala na kufanya kazi Posta. Saa kumi na moja alfajiri ameshabandika chai. Anaamsha wa shule, anatafuta soksi ya pili, anasaini daftari ambalo mtoto alisahau kumwonyesha jana, anampa maelekezo anayebaki na mdogo. Saa kumi na mbili yuko kituoni. Jioni foleni ya Barabara ya Kilwa inamfikisha nyumbani saa moja na nusu usiku, mkononi ana mchicha na nyanya za kupitia gengeni. Hapo ndipo zamu ya pili inapoanza: kupika, kuogesha, kukagua homuweki, kuosha vyombo, kuloweka maharage ya kesho, kunyoosha sare. Anapokaa kitako ni saa nne na nusu. Kitabu akikifungua wakati huo, ukurasa wa pili usingizi umeshamchukua.

Mwenzake wa kijijini hana foleni ya magari, ana foleni ya maji. Ana shamba la asubuhi, kuni za mchana na chakula cha jioni, mara nyingi mtoto akiwa mgongoni muda wote huo.

Hili halihitaji kubishaniwa kwa hisia. Ofisi ya Taifa ya Takwimu iliuliza kuhusu matumizi ya muda katika tafiti zake za nguvu kazi za 2006, 2014 na 2020/21, na picha imekuwa ile ile: wanawake wanatumia saa nyingi zaidi kuliko wanaume katika kazi zisizolipwa za kupika, kufua, kuteka maji na kulea. Mwanamke akipata ajira ya mshahara, kazi hizo hazikabidhiwi mtu mwingine. Anazikuta jioni.

Kinachombakia ni vipande: dakika kadhaa akingoja wali ukauke, nusu saa kwenye benchi la kliniki, saa tatu au nne kwa msusi siku ya kusuka. Ni kweli kwamba vipande hivyo sasa vimechukuliwa na simu. Ila kabla ya kumlaumu, tazama anachokisoma humo. Kuna kundi la wazazi wa darasa la pili, ambako mwalimu anatuma kazi za watoto. Kuna kundi la kikoba, ambako marejesho yanakumbushwa. Kuna kundi la ukoo, lenye msiba wa kuchangia na harusi ya kuchangia. Sehemu kubwa ya anachosoma mama kwenye simu ni kazi za familia zilizohamia kwenye kioo.

Kijiji kilipoitambua saa ya kisomo

Nchi hii iliwahi kumpa mama saa ya kusoma. Mwalimu Julius Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na miaka iliyofuata madarasa ya kisomo yakaenea nchi nzima, chini ya miembe na ndani ya shule za msingi baada ya watoto kutoka. Kufikia 1975 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walihesabiwa kuwa asilimia 39, na 1986 ikatangazwa kwamba wameshuka chini ya asilimia 10. Wanawake walijaa kwenye madarasa hayo, baadhi wakinyonyesha huku wakifuatisha herufi ubaoni.

Vitabu vyenyewe vilikuwa vya kazi: kilimo cha pamba, kilimo cha migomba, ufugaji, uvuvi, maarifa ya nyumbani. Kanda ya Ziwa ikapata gazeti lake la vijijini mwaka 1974, Elimu Haina Mwisho, ili waliokwisha kujua kusoma wasisahau kwa kukosa cha kusoma. Mwaka mmoja kabla, kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi. Walisikiliza kipindi redioni, wakasomewa kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka.

Kasoro za mpango ule zinajulikana. Vitabu vilitoa maelekezo kuliko kuburudisha, na msimu wa kilimo ukifika madarasa yalipungua watu. Lakini jambo moja lilifanyika sawasawa: saa ya kisomo ilijulikana na kila mtu. Mume aliyeona chakula kimechelewa alijua mkewe yuko darasani, na alijua kuwa balozi wa nyumba kumi naye anajua. Mama hakulazimika kujieleza wala kuiba dakika. Siku na saa vilishapangwa na watu wenye sauti kuliko yeye.

Sheria zetu nazo zinajua kumgawia mama muda, zikitaka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi anayejifungua likizo ya siku 84, au siku 100 kama amejifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baada ya hapo hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Bila sheria hiyo, saa hizo zingekuwa hisani ya bosi, na hisani hutegemea bosi ameamkaje. Hakuna anayedai itungwe sheria ya riwaya. Funzo ni kwamba saa ya mama huheshimiwa pale inapokuwa na mtu mwingine anayewajibika kuiachia.

Jikoni kwa Mwana Kupona

Fasihi ya Kiswahili ina mama wake mashuhuri tangu zamani. Mwana Kupona binti Msham wa Siu, katika kisiwa cha Pate, alitunga utendi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Mumewe, Bwana Mataka, aliyeitawala Siu na kumsumbua sana Sultani wa Zanzibar, alikuwa ameshafariki. Beti za utendi huo zinapita 100, na sehemu kubwa inamwelekeza binti namna ya kuishi na mume, na watu na Mola wake. Hadi leo unasomwa, unasifiwa na kubishaniwa.

Mara nyingi tunamtaja Mwana Kupona kama ushahidi kwamba mama anaweza kulea na bado akashika kalamu. Ni ushahidi kweli, lakini tuutoe wote. Siu ya karne ya 19, kama miji mingine ya waungwana wa pwani, iliendeshwa kwa mikono ya watumwa. Walioteka maji, walioponda nafaka na kufua nguo za nyumba za watawala hawakuwa na nafasi ya kutunga tendi. Saa ya bibi mwenye nyumba ilitoka kwao.

Haya hayako mbali na nyumba zetu za leo. Katika familia nyingi za mjini, mama anayeweza kusoma ni yule mwenye dada wa kazi. Dada anaosha, anapika, anabembeleza mtoto, na mama anapata nusu saa yake. Hakuna ubaya kumwajiri mtu na kumlipa inavyostahili. Lakini kama nusu saa hiyo inatoka kwa binti ambaye naye hajashika kitabu tangu amalize darasa la saba, na ambaye ndiye wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala, kilio ni kile kile, kimebadilisha mwenyewe tu. Nyumba inayotaka kuwa na wasomaji imhesabu dada miongoni mwao. Naye awe na saa yake, naye apewe kitabu mama akishamaliza. Mama na dada waliosoma riwaya moja wana la kuzungumza wakichambua mchele, mbali na orodha ya kazi za kesho.

Dakika 90 za baba

Mikono iliyo karibu zaidi na sinki la vyombo ni ya baba, na ndiyo inayosahaulika kuliko yote. Mechi ya Simba na Yanga ina dakika 90, na mapumziko ya dakika 15 katikati. Hakuna nyumba inayomtaka mwanamume aeleze kwa nini anaitazama. Watoto wanajua, jirani anajua, chakula kinapangwa kuizunguka. Baba anapumzika, basi. Mama akitaka dakika hizo hizo kwa ajili ya kitabu, anaonekana amewatupa watoto au anaringa na usomi wake.

Tofauti hiyo haiondolewi kwa hotuba. Inaondolewa kwa ratiba. Familia ichague saa moja ya wiki, kwa mfano Jumamosi alasiri au Jumapili baada ya ibada, ijulikane kuwa ni saa ya mama. Katika saa hiyo baba ndiye anayeulizwa soksi iko wapi, nani kamchokoza nani, na kama uji umepoa. Watoto wa kiume wa miaka kumi na kuendelea waoshe vyombo kama wanavyoosha dada zao, maana sabuni haibagui. Jambo la lazima ni kwamba kazi ihame kweli. Mume anayesema "wewe soma tu" kisha akaviacha vyombo vimsubiri mkewe hajampa muda, amemwahirishia kazi.

Wapo watakaosema mama asome ili watoto wafaulu. Hoja hiyo ina uzito. Tafiti za Uwezo zilizoanza 2010 zimeonyesha mara kwa mara kwamba watoto wengi wa darasa la tatu wanashindwa kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili, na mtoto anayewaona wakubwa wakisoma kwa hiari anajifunza kuwa kusoma si adhabu ya shule. Lakini tusimfanye mama awe ngazi ya watoto hata katika jambo hili moja. Ana haki ya kusoma kitabu kisichomsaidia mtu mwingine yeyote: riwaya ya mapenzi, ya upelelezi, tenzi, maisha ya watu mashuhuri, chochote kitakachompendeza.

Vitabu vinavyoingia kwenye vipande

Wakati saa hiyo ya wiki ikizoeleka, vipande vya siku visipotee bure. Hapa aina ya kitabu ina maana kubwa. Anayerudi kwenye kusoma baada ya miaka mingi asianze na kitabu kinene. Aanze na hadithi fupi au tamthilia, ambayo onyesho moja huisha kabla wali haujakauka.

Penina Muhando ameandika tamthilia nyingi zinazomhusu mwanamke moja kwa moja. Hatia, ya 1972, inamhusu msichana anayerudi kijijini akiwa na mimba. Nguzo Mama, ya 1982, inawaonyesha wanawake wa kijiji cha Patata wakijaribu kuisimamisha nguzo kwa pamoja, kila mmoja akivutwa na matatizo ya nyumbani kwake. Mama aliyewahi kuitisha kikao cha kikundi atawatambua wanawake hao mara moja.

Kwa riwaya, ipo Shida ya Ndyanao Balisidya, iliyotoka 1975, kuhusu vijana wanaoukimbilia mji. Ipo Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya 1971, ambayo wakati fulani ilipigwa marufuku shuleni. Aliyeisoma kwa kificho akiwa binti ataisoma tofauti kabisa sasa akiwa na binti yake mwenyewe, kwa sababu ni kisa cha msichana aliyelelewa kwa ukali bila kuelezwa chochote. Kutoka Zanzibar ipo Mwisho wa Kosa ya Zainab Burhani. Na akizoea, akipata likizo, aichukue Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis na kutoka 2022.

Wanaodai kuwa wanawake wetu hawapendi kusoma wamesahau enzi za hadithi za mfululizo kwenye magazeti pendwa. Visa vya akina Eric Shigongo vilisomwa saluni na sokoni, gazeti moja likipita mikono mingi, na wiki nzima watu wakisubiri sehemu inayofuata. Vilisomeka kwa sababu urefu wake ulilingana na nafasi ya msomaji: sehemu moja, kikao kimoja, basi. Leo waandishi wanauza mfululizo kwa WhatsApp, na wasomaji wapo. Wachapishaji walizingatie hilo wanapoamua unene wa kitabu na ukubwa wa herufi, maana kitabu cha mama kinatakiwa kiingie kwenye pochi na kisomeke kwenye mwanga hafifu.

Masikio nayo ni mlango. Kizazi cha Redio Tanzania kilikua na hadithi za Mama na Mwana, na tangu 1993 watu wazima wakafuatilia mchezo wa Twende na Wakati huku sufuria ikiwa jikoni. Mama anayesikiliza kitabu kikisomwa huku anakuna nazi hajadanganya mtu. Amesoma.

Kitabu kipatikane kwa bei gani?

Ukiacha muda, kikwazo kinachofuata ni fedha. Riwaya mpya inashindana na mafuta ya kupikia, na mshindi anajulikana. Lakini akina mama wa nchi hii tayari wana mfumo wa kununua vitu wasivyovimudu mmoja mmoja. Wanacheza mchezo, wanacheza upatu, wana vikoba. Masufuria, vitenge na makochi yamenunuliwa hivyo. Wanawake kumi wakikubaliana kila mmoja anunue kitabu kimoja tofauti kisha vizungushwe, kila mmoja atasoma vitabu kumi kwa bei ya kimoja. Siku ya kukusanya fedha iwe pia siku ya kubadilishana vitabu na kukizungumzia kilichosomwa. Faida yake haiishii kwenye bei, kwa sababu mume aliyezoea kuona mkewe anakwenda kwenye mchezo hatashangaa akirudi na kitabu.

Kwa Dar es Salaam, duka la vitabu la TPH liko Mtaa wa Samora, mkahawa wa vitabu wa Soma uko Mikocheni, na wauzaji wa vitabu vilivyotumika hutandika bidhaa zao pembezoni mwa mitaa ya katikati ya jiji. Ipo pia Maktaba Kuu ya Taifa, kando ya Barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 9, 1967, na yenye sehemu ya watoto. Mikoani zipo maktaba za Bodi ya Huduma za Maktaba. Kwa wasomaji wadogo, mtandao wa African Storybook unatoa hadithi za Kiswahili bure, zinazoweza kusomwa kwenye simu.

Maktaba hizi zina la kujibu pia. Maktaba inayofungwa wakati mama anatoka kazini haimhesabu mama. Inayomtazama kwa jicho baya kwa sababu mtoto wake amelia haimhesabu vilevile. Rafu moja ya vitabu vya hadithi kwenye ukumbi wa kliniki, ambako mamia ya wanawake hukaa nusu siku na kadi zao mkononi, ingefanya kazi kubwa kuliko kongamano la kuhamasisha usomaji lenye mabango na maji ya chupa.

Lakini rafu hiyo ikichelewa, nyumbani hapasubiri bajeti ya serikali. Kama unaishi na mama ambaye hajamaliza kitabu tangu alipotoka shule, usikimbilie kumnunulia riwaya. Chagua kwanza kazi yake moja ya kila siku, ifanye wewe, uifanye bila kukumbushwa na bila kusubiri asante. Ikipita wiki mbili hujaiacha, hapo mnunulie kitabu.